Barabara ya Ggaba inavyofundisha

Ukiifuata barabara ya Ggaba, hapa Kampala, kutoka Kansanga, ukapita Bunga na kuendelea mbele, mwisho wake ni ziwani. Ndani ya ziwa hilohilo, kilomita 23 hivi kutoka Entebbe, kipo kisiwa cha Ngamba, ambacho tangu mwaka 1998 ni makao ya sokwe yatima waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wachuuzi wa wanyama. Huko ndiko Victoria Horner na Andrew Whiten walikofanya jaribio walilolichapisha mwaka 2005, na kwangu mimi hakuna mazungumzo ya maana kuhusu tabia za watu yasiyopitia hapo.

Walichukua kisanduku chenye chakula ndani, wakawaonyesha sokwe namna ya kukipata: kwanza unachokonoa tundu la juu kwa kijiti, kisha unafungua mlango wa mbele na kuvuta chakula. Tundu la juu halikuwa na kazi, kwa sababu chini yake palizibwa. Kisanduku kilipokuwa cheusi, sokwe waliiga hatua zote mbili. Walipoletewa kisanduku cha plastiki inayoonyesha ndani, wakajionea kwamba kule kuchokonoa hakufiki popote, waliiacha hatua ya kwanza na kwenda moja kwa moja kwenye chakula. Baadaye watoto wa Uskoti wa miaka mitatu na minne wakapewa kisanduku hichohicho. Nao waliona hatua ya kwanza haina faida. Wakaifanya vilevile, hata pale walipoachwa peke yao bila mtu wa kumfurahisha.

Wengi wakiisikia habari hii hudhani sokwe kamzidi mtoto akili. Mimi naiona kinyume. Mambo mengi yanayomweka binadamu hai hayaonyeshi sababu zake. Bibi anayeloweka muhogo mchungu siku tatu hahitaji kujua chochote kuhusu sumu ya sianidi. Analoweka kwa sababu alimwona mama yake akiloweka. Bandundu, magharibi mwa Kongo, barabara zilipotengenezwa na muhogo ukawa na soko la haraka, watu walipunguza siku za kuloweka. Muhogo ulionekana uleule na ladha haikuwa mbaya, lakini ukaja ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla na usio na tiba. Tarime, mkoani Mara, nako uliripuka mwaka 1985, wakati watu walipokula muhogo usiotayarishwa ipasavyo. Katika hali hiyo anayeiga kila hatua bila kuuliza anasalimika, na mwerevu anayeruka hatua anayoiona ya bure ndiye anayeumia.

Wapo waliosema labda kuiga hatua za bure ni tabia ya watoto wa Ulaya tu, waliozoea kufundishwa na watu wazima. Mwaka 2010 Mark Nielsen na Keyan Tomaselli walikuta mambo yaleyale kwa watoto wa Wasani wa Kalahari. Lakini miaka mitano baadaye, kwa Waaka wa misitu ya bonde la Kongo, watafiti walikuta watoto hawaigi hatua za bure ilhali watu wazima wanaziiga. Kwa hiyo hata kiasi cha kuiga chenyewe tunakipata kwa wanaotulea.

Sasa njoo Kansanga jioni, upande wa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, ambacho kila mtu hapa anakiita KIU. Tangu chuo kifunguliwe mwaka 2001, mtaa huu umejaa wanafunzi, na vibanda vya rolex, chapati ya kuviringishwa na mayai, vimewafuata. Kijana anayekuja kusaidia kibandani huanza kwa kukanda unga, kukatakata vitunguu na kabeji, kuchochea mkaa. Hakuna anayemkalisha chini kumweleza. Anamtazama mwenye kibanda akivunja mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, akitia nyanya, kitunguu na chumvi, akikoroga, akigonga kikombe mara tatu pembeni ya chuma cha chapati kabla ya kumimina. Chapati inawekwa juu ya yai likiwa bado bichi kidogo ili vishikane, inageuzwa, inaviringishwa, inafungwa kwa karatasi. Siku mwenye kibanda akienda sokoni Ggaba, kijana anashika kazi, na mteja anayekula huku akitazama simu hatambui kwamba mpishi amebadilika. Hata kule kugonga mara tatu kupo, ingawa hakuongezi kitu kwenye yai.

Kijana yule kachukua na mengine. Anajua mteja gani ahudumiwe kwanza. Anajua namna ya kumjibu msichana anayelalamika kuwa chapati imeungua, na namna tofauti ya kumjibu mwanamume mwenye lalamiko hilohilo. Haya nayo hakufundishwa na mtu. Yaliingia pamoja na mapishi, kwa macho yaleyale, saa zilezile, na mwenye kibanda mwenyewe ukimuuliza atakuapia kwamba hakumfunza kijana utovu wa adabu. Anasema kweli. Hakudhamiria, na kuiga hakungoji nia ya anayeigwa.

Aliyelipa jambo hili umbo la kisayansi ni Albert Bandura, mzaliwa wa mji mdogo wa Mundare huko Kanada, aliyefundisha Stanford maisha yake yote ya kazi na kufariki Julai 2021 akiwa na umri wa miaka 95. Jaribio lake la mwaka 1961, alilolifanya pamoja na Dorothea Ross na Sheila Ross kwa watoto 72, linajulikana: mtu mzima anampiga mwanasesere wa kujazwa upepo mbele ya mtoto, anamkalia, anamponda kwa nyundo ya mbao, na mtoto akiachwa na mwanasesere yule anafanya yaleyale, hata maneno anayarudia. Limetajwa sana darasani kiasi kwamba limechosha, na wakosoaji wana hoja wanaposema mwanasesere wa aina hiyo ameundwa apigwe na kuinuka.

Lililo zito ni la mwaka 1965, ambalo halitajwi sana. Bandura aliwaonyesha watoto filamu ya mtu anayempiga mwanasesere, yenye miisho mitatu. Katika mmoja mpigaji anapewa peremende na sifa. Katika mwingine anakaripiwa na kuchapwa. Katika wa tatu hapati kitu. Watoto walioona mpigaji akiadhibiwa waliiga kidogo kuliko wenzao, hasa wasichana. Hapo mtu angesema: basi, adhabu imewafunza wasiige. Bandura hakuishia hapo. Aliwarudia watoto wote, akawaahidi maji ya matunda na picha za kubandika kwa kila kitendo watakachoweza kukumbuka na kukionyesha. Tofauti ikatoweka. Wale waliokuwa kimya, wasichana kwa wavulana, walikuwa wameyashika sawa na wenzao. Walikuwa wameyahifadhi tu, wakingoja siku yatakapolipa.

Huko kutenganisha kujifunza na kutenda ndiko ninakotaka msomaji akushike, kwa sababu serikali zetu, shule zetu na mashirika yetu hutumia fedha nyingi kuwafunza watu mambo wanayoyajua tayari.

Tazama kofia ngumu za boda. Mwendesha boda wa Kansanga anajua sheria inamtaka avae. Anajua pia kuivaa. Kofia yenyewe anayo, inaning'inia kwenye usukani au imevishwa mkononi kwenye kiwiko. Akimwona askari wa usalama barabarani kwa mbali, itakuwa kichwani kabla hajamfikia, na atakuwa ameivua tena baada ya mita mia mbili. Huyu unamfunza nini zaidi? Kijana mgeni wa steji, yaani kituo cha boda, anamtazama yule mzoefu mwenye wateja wengi, anaona kichwa chake kiko wazi na mfuko wake umejaa. Anaona anayesimama kwenye taa nyekundu akipitwa na wenzake watatu, na abiria wake akinuna: “Boss, tugende, nimechelewa darasa.” Abiria naye, kwa shilingi zake elfu mbili, ni mwalimu wa steji, tena analipa papo hapo.

Katikati ya miaka ya 2010 kampuni ya SafeBoda ilipoanza Kampala, iliwavika madereva wake kofia na vizibao vya rangi ya chungwa, na kumpa kila mmoja kofia ya pili ya abiria. Mafunzo yalikuwepo, lakini nadhani rangi ile ilifanya kazi ambayo darasa lisingeweza. Kofia ikawa alama ya dereva wa kuaminika, mtu wa kuitwa kwa simu usiku na msichana anayerudi hosteli. Vijana wa steji wakaona kwa macho yao kwamba aliyevaa anapata kazi. Kabla ya hapo kofia ilikuwa kitu cha kumwonyesha askari.

Basi nani hasa anaigwa? Si kila tunayemwona. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyefika KIU jana kutoka Mwanza au Kisumu hajui bei ya boda hadi Kabalagala, na hajui Kiganda. Simama karibu naye utamwona anavyofanya. Haombi boda mara moja. Anajivuta pembeni na kusikiliza. Akipita mwanamke wa makamo mwenye mfuko wa sokoni, hamtilii maanani sana. Akija msichana wa rika lake, mwenye begi la chuo, anatega sikio: “Ssebo, Kabalagala meka?” Dereva anataja elfu mbili, msichana anacheka, anasema “lukumi”, yaani elfu moja, na kuanza kuondoka, dereva anamwita arudi. Mgeni anasubiri kidogo, kisha anakwenda kwa dereva mwingine na kusema hivyohivyo, hata na kile kicheko. Hakumtafuta mjuzi kuliko wote. Kamtafuta anayefanana naye ambaye mambo yake yamemnyookea.

Nguvu ya kufanana huko imepimwa hapahapa Kampala. Mwaka 2016 mchumi Emma Riley aliwachukua wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakikaribia mitihani ya taifa, akawagawa kwa bahati nasibu. Baadhi wakaonyeshwa sinema ya Queen of Katwe, habari ya Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe aliyefunzwa sataranji na Robert Katende na kufika mashindano ya dunia. Wengine wakaonyeshwa filamu nyingine isiyohusiana na maisha yao. Sinema ile iliongozwa na Mira Nair, ambaye nyumba yake iko Buziga, kilima cha jirani tu na Kansanga. Matokeo ya mitihani yalipotoka, kati ya wa kidato cha nne waliomwona Phiona, waliofeli hisabati walikuwa wachache zaidi, na faida ilikuwa kubwa kwa wasichana na kwa wale waliokuwa nyuma darasani. Kwa wa kidato cha sita, wasichana walioitazama waliongeza nafasi yao ya kuingia vyuo vikuu vya umma. Filamu moja, chini ya saa tatu, bila somo hata moja la hisabati ndani yake. Shujaa wa mbali angewapa burudani, lakini msichana anayechota maji Katwe na kuuza mahindi barabarani aliwapa hesabu nyingine ya maisha yao wenyewe.

Watani wangu wa kazi hunikumbusha kwamba wahenga waliogopa kuiga: ukiiga tembo kunya utapasuka msamba. Ni kweli, ila wahenga walimzungumzia tembo, mwenye mwili usiofanana na wetu. Hawakukataza kumtazama jirani.

Na jirani ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko zote ninazozijua katika tarafa hii. Kansanga iko Makindye. Kati ya mwaka 2007 na 2012, katika tarafa za Makindye na Rubaga, shirika la Raising Voices pamoja na CEDOVIP na watafiti wa London na Makerere walipima mpango ulioitwa SASA!, uliolenga ukatili wa wanaume dhidi ya wenzi wao na maambukizi ya VVU. Maeneo manane yalichaguliwa, manne yakapata mpango mapema na manne yakasubiri. Hawakuleta wahadhiri. Walichagua wakazi wa kawaida, wanaume kwa wanawake, zaidi ya 400, wakawaandaa na kuwaacha waendelee kuishi walipo. Fundi baiskeli alizungumza na wateja wake wakingoja tairi. Mama wa gengeni alizungumza akifunga fungu la nyanya. Mazungumzo yalikuwa mafupi, kuhusu nani ana nguvu ndani ya nyumba na anaitumiaje, na yalirudi wiki baada ya wiki.

Mwishoni, ukatili wa kimwili ulioripotiwa na wanawake kwa mwaka uliopita ulikuwa chini kwa takriban nusu katika maeneo ya mpango kuliko kwenye yale mengine. Kwa uaminifu wa kitaalamu niseme kwamba maeneo manane ni machache, na kosa la makadirio ni pana. Asichukue mtu nusu hiyo kama kipimo cha mizani. Kinachonivutia ni njia iliyopitiwa. Watafiti walipokwenda nyuma kuuliza mabadiliko yalisambaaje, walikuta yamewafikia hata watu walioshiriki kidogo sana au hawakushiriki kabisa. Walikuwa wamewaona wengine. Mume wa nyumba ya pili, aliyejulikana mtaa mzima kwa ngumi zake, sasa anabeba maji, na nyumba yake ina amani. Watu walimtazama wakimngojea aaibike. Hakuaibika. Kwa mwanamume wa pembeni aliyekwisha kujua kwa miaka kuwa kumpiga mke ni vibaya, hilo ndilo lililokuwa geni: kwamba unaweza kuacha na ukabaki mwanamume machoni pa steji.

Kuna ushahidi wa pili, wa vijijini, unaolibana jambo hili zaidi. Donald Green, Anna Wilke na Jasper Cooper walionyesha michezo mifupi ya video kwenye vibanda vya sinema katika vijiji 112 vya Uganda, katikati ya filamu ambazo watu walikuja kuziona. Waliohudhuria walipita 10,000. Katika vijiji vilivyochaguliwa kwa kura, michezo ilihusu ukatili majumbani, ikiwahimiza watu kusema badala ya kunyamaza. Miezi kadhaa baadaye wakarudi kuhoji. Mitazamo ya kuhalalisha kipigo haikuwa imebadilika. Hata hivyo utayari wa kutoa taarifa ulipanda sana, hasa kwa wanawake, na idadi ya wanawake waliokumbwa na ukatili ilishuka.

Soma tena hapo. Moyo haukubadilika, mkono ulibadilika. Mwanamke wa kijijini huogopa kuitwa mmbea akisema yanayotokea kwa jirani. Akiiona habari hiyo pamoja na kijiji kizima, kila mmoja akijua kuwa wengine nao wameiona, mizani ya aibu inageuka. Na mpigaji naye yumo kibandani siku hiyo. Anajua kuwa wenzake wamejua.

Watanzania wa rika langu watakumbuka kwamba redio ililifahamu hili mapema. Twende na Wakati, mchezo wa Redio Tanzania ulioanza mwaka 1993, ulijengwa juu ya mafundisho ya Bandura kupitia njia aliyoibuni Miguel Sabido wa Mexico kwenye tamthilia za televisheni. Dereva wa lori Mkwaju, mwenye mwanamke kila kituo, hakuhubiriwa. Wasikilizaji walimfuata jioni baada ya jioni wakaona kila alichokipanda kikimrudia. Dodoma waliachwa nje ya matangazo hayo hadi mwaka 1995 ili watafiti wapate pa kulinganisha, na tofauti zikaonekana, za uzazi wa mpango na za kinga dhidi ya VVU.

Ndiyo maana nakasirika, na sioni haya kusema, nikiona mabango yanayolia kwamba vijana wengi wanaacha shule, wanaume wengi wanapiga, madereva wengi wanalewa. Aliyeyaandika anadhani anaonya. Katika hifadhi moja huko Arizona, Marekani, Robert Cialdini na wenzake walijaribu kibao kilichosikitika kwamba wageni wengi waliotangulia wameiba vipande vya miti iliyogeuka mawe. Palipowekwa kibao hicho, karibu asilimia 8 ya vipande vilivyotegwa viliibwa. Palipowekwa kibao kilichosema tu tafadhali usichukue, havikufika hata asilimia 2. Kibao cha kwanza kilimwambia mgeni jambo moja la kweli, kwamba wenzake wanachukua, na hilo ndilo alilolishika. Afisa anayepanga kampeni ya kofia ngumu Makindye angefanya vizuri kuzitumia fedha za bango kwa wenyeviti wa steji: mwenyekiti mwenyewe avae kutoka asubuhi hadi usiku, na anayevaa apewe foleni ya mbele. Ni kazi ya polepole, haina uzinduzi wala utepe wa kukata, na pengine ndiyo sababu haipendwi.

Katika yote yaliyopimwa Makindye na Rubaga, liko moja ambalo mpango haukulilenga hasa. Watafiti wakiongozwa na Nambusi Kyegombe walichunguza hali ya watoto wa nyumba zile, wakakuta kwamba watoto kushuhudia kipigo nyumbani kulipungua kwa takriban asilimia 64 katika maeneo ya SASA! Hakuna mtoto aliyeitwa kwenye mkutano. Hakuna aliyepewa kitabu. Aliyekuwa na miaka mitano au sita mwaka 2012 amekwisha kuwa kijana. Anapangisha chumba chake, ana mchumba, labda ana pikipiki ya mkopo kwenye steji. Alipokuwa mdogo hakuona baba akimpiga mama, au aliona akiacha. Kundi hilo ndilo ningependa lirudiwe na wapimaji, nyumba kwa nyumba, kabla halijahama mtaa, likiulizwa maswali yaleyale waliyoulizwa mama zao, na waulizwe pia wenzi wao, kila mmoja peke yake.